Mayonezi ikikatika: tafuta chanzo kabla ya kuongeza yai

Mwongozo huu ni wa wanaotengeneza mayonezi ya kuuza hapa Goma, kuanzia mama anayejaza vikopo vya kuuzia friti kule Birere hadi jiko dogo linalotoa ndoo mbili kwa siku. Mayonezi ikikatika, yaani mafuta yakijitenga na maji, wengi huongeza yai. Ikikatika tena, huongeza lingine. Mara nyingi yai halina kosa. Protini iliyomo ndani inatosha na kubaki. Kilichokosekana ni muda wa kufika mahali pake, au maji ya kupitia, au ilifika kisha ngozi iliyoijenga kuzunguka tone la mafuta ikatobolewa. Kila chanzo kina dalili yake, na dawa ya kimoja inaweza kuharibu zaidi kingine.

Kinachotokea ndani ya bakuli

Protini ni mnyororo mrefu uliojikunja. Ikiwa majini hukunja kwa ndani sehemu zinazokimbia maji, na kuacha nje zile zinazoyapenda. Ikigusa tone la mafuta, mkunjo unalegea: sehemu zilizojificha zinaingia upande wa mafuta, nyingine zinabaki upande wa maji, na protini inalala hapohapo mpakani. Nyingine zikifika kando yake, zinashikamana na kuwa ngozi nyembamba yenye kunyumbuka. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia matone mawili yasiungane yanapogongana. Kwenye kiini cha yai, kazi kubwa inafanywa na chembe ndogo za lipoprotini (protini iliyofungamana na mafuta), ambazo zikifika mpakani hupasuka na kutandaza protini pamoja na lesithini, mafuta ya kiini yanayopenda pia maji.

Piga hesabu ya kilo 1 ya mayonezi yenye gramu 720 za mafuta. Ukiyakata mafuta hayo kuwa matone ya mikromita 5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), uso wake wote unafika mita za mraba 940 hivi, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Ngozi ya protini huhitaji takriban miligramu 2 hadi 3 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo gramu 2 hadi 3 zinatosha kufunika yote. Viini vitano vina protini karibu gramu 13. Iko ya kutosha, ila haifiki papo hapo. Tone jipya likizaliwa, lazima protini iogelee hadi kwake, itue, ilegee, ishikane na jirani yake. Mafuta yakimiminwa haraka kuliko hapo, matone yanakutana yakiwa uchi na kuungana.

Ngozi hiyo unaweza kuiona kwa macho. Changanya kijiko cha chai cha ute mweupe wa yai kwenye glasi ya maji, chuja kwa kitambaa. Chukua sirinji mpya yenye mafuta, pinda sindano ncha iangalie juu, izamishe, kisha sukuma tone moja libaki limeshikilia ncha. Liache saa moja bila kuligusa. Halafu rudisha mafuta ndani polepole huku unaangalia kwa mwanga wa tochi: tone la mafuta ndani ya maji matupu hupungua likibaki laini, lakini hili linajikunja mikunjo kama mfuko unaotolewa hewa. Mikunjo hiyo ni protini iliyokataa kutoka mpakani. Sindano ikishafanya kazi hiyo, itupe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Kipimo cha kulinganishia

Dalili zote hapa chini zimelinganishwa na kilo 1 hii: mafuta gramu 720 (mililita 780 hivi), viini gramu 85 (vitano vya ukubwa wa kawaida), maji yaliyochemshwa na kupoa gramu 90, siki ya asilimia 5 gramu 60, haradali gramu 20, sukari gramu 13, chumvi gramu 12. Pima kwa mizani. Mayai ya sokoni yanatofautiana sana ukubwa, na "viini vitano" vya leo vinaweza kuwa vinne vya kesho.

Chumvi inaingia mwanzo, si mwisho. Ikoroge na viini uviache dakika 10 hadi 15. Ndani ya kiini kuna punje ambazo zimefunga sehemu ya protini. Chumvi inazifungua, na utaona kiini kinakuwa kizito na chenye kung'aa zaidi. Anayetia chumvi mwishoni, sehemu hiyo ya protini imekaa tu bila kazi.

Kabla ya kutibu mayonezi yoyote iliyokatika, fanya jaribio la glasi. Dondosha nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu na ukoroge mara mbili. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, maji bado ndiyo yanayoyazunguka mafuta. Mayonezi ni nyepesi au imechoka, lakini inatibika kwa urahisi. Ikielea kama mafuta na maji yakabaki maangavu, mambo yamegeuka: mafuta ndiyo yamezunguka maji. Hapo kuendelea kupiga hakusaidii kitu, hata upige nusu saa.

Haikushika tangu mwanzo, imebaki supu ya njano

Karibu kila mara ni mafuta ya mwanzo. Mililita 100 za kwanza ndizo zinazoamua kila kitu, kwa sababu wakati huo kuna matone machache, na waya wa kupigia unapita katikati ya maji bila kuyakata mafuta. Tia tone kwa tone, kijiko cha chai kwa wakati, na usiongeze kingine mpaka hiki kimepotea kabisa machoni. Mililita 100 hizo zichukue dakika 3 hadi 4 kwa mkono. Baada ya hapo mchanganyiko wenyewe unakuwa mzito, na uzito huo unasaidia kukata matone. Sasa unaweza kumimina mkondo mwembamba kama uzi, na ukifika nusu ya mafuta, mkondo mnene kama penseli.

Chombo nacho kinadanganya. Viini viwili ndani ya beseni la lita 10 vinatandaa kama rangi, waya hauvikamati. Anza kwenye bakuli dogo, uhamishe baadaye. Kwa blenda, visu lazima vizame ndani ya kiini na maji tangu mwanzo. Vikizunguka juu hewani, ongeza viini na maji, ufanye kiasi kikubwa zaidi.

Viini vilivyotoka moja kwa moja kwenye frigo pia huchelewesha kazi, maana protini baridi inalegea polepole. Nyuzi 18 hadi 22 zinafaa, na hapa mjini hilo ni joto la kawaida la jikoni mchana.

Kuokoa: kwenye bakuli safi weka kiini 1 na kijiko kikubwa 1 cha maji. Ile supu iliyokatika sasa ihesabu kuwa ni mafuta. Idondoshe tone kwa tone kama ulivyopaswa kufanya mara ya kwanza. Kosa la kawaida hapa ni kutupa kiini kipya ndani ya supu. Hapo kiini kinazama kwenye bahari ya mafuta na kukosa maji ya kufanyia kazi. Supu ndiyo inayoingia kwenye kiini.

Ilishika vizuri, ikakatika ghafla karibu na mwisho

Huu ni upungufu wa maji. Matone ya mviringo yakipangwa ovyo yanajaza takriban asilimia 64 ya nafasi. Ukizidi hapo yanaanza kubanana na kupoteza uviringo, ndiyo maana mayonezi inasimama kwenye kijiko. Ukipita asilimia 80 hivi, maji yaliyobaki kati ya tone na tone ni utando tu, na pigo moja la waya linaupasua.

Mayonezi hutoa onyo kabla. Inakuwa ngumu kama mafuta ya kupakaa, rangi inakolea, inang'aa kupita kiasi, na pembeni mwa bakuli unaona mstari wa mafuta usiotaka kuingia. Simama hapohapo. Tia kijiko kikubwa 1 cha maji au siki kutoka kwenye kile kipimo, piga mpaka ilegee na kuwa nyeupe zaidi, ndipo uendelee na mafuta. Anayefanya kazi hii kila siku anagawa maji na siki mara tatu: theluthi mwanzoni na viini, theluthi mafuta yakifika nusu, iliyobaki mwisho.

Umeme umekatika katikati ya kazi

Acha mafuta, funika, usiwe na haraka. Kusimama hakuui mayonezi. Kinyume chake, ngozi ya protini inaendelea kukaza ikiwa imetulia, kwa kuwa minyororo inazidi kulegea na kushikana. Kinachoiharibu ni kuongeza mafuta ya mwisho kwa pupa ili umalize kwa mkono. Umeme ukirudi, zungusha kwa mwendo mdogo sekunde 20 bila mafuta, kisha endelea na uzi mwembamba. Ukikaa zaidi ya nusu saa na viini havikupashwa moto, tia siki yote kwanza kwa ajili ya usalama, usisubiri mafuta yaishe.

Jioni ilikuwa nzuri, asubuhi ina mafuta juu

Hili ndilo linalosumbua Goma kuliko mengine, na mara nyingi yai na mpigaji wanalaumiwa bure. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi. Mafuta ya njano ya bidoni ya lita 20 yanayouzwa kwa wingi mara nyingi ni mawese yaliyosafishwa; soma lebo, utakuta "huile de palme" au "oléine de palme". Mchana ni maangavu. Yakikaa kwenye baridi yanaanza kujenga fuwele, zile punje nyeupe unazoziona chini ya bidoni asubuhi.

Sasa fikiria fuwele hiyo ikiota ndani ya tone la mikromita 5. Inakua mpaka inafika ukingoni, inachomoza kama sindano na kutoboa ngozi ya protini kutoka ndani. Tone likiwa limetulia peke yake, huenda lisimwagike. Lakini likigongana na jirani, sindano inaingia kwa jirani na mafuta yanapata njia. Ndivyo siagi inavyopatikana kwa kusukasuka maziwa kwenye kibuyu: fuwele za mafuta ya maziwa zinatoboa utando, mtikisiko unaunganisha. Ndoo ya mayonezi baridi iliyopakiwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, ikipita juu ya mawe ya volkeno hadi Katindo, inasukwasukwa vilevile. Inafika kwa mteja ikiwa na kidimbwi cha mafuta, na mteja anasema umemuuzia ya jana.

Jaribu mafuta kabla ya kuyanunua kwa wingi. Jaza chupa ndogo angavu, iweke ndani ya frigo usiku mmoja. Yakiganda au kujaa mawingu mazito, hayafai kwa mayonezi ya baridi. Alizeti na soya hubaki ya kumiminika. Alizeti inaweza kuwa na ukungu kidogo wa nta, huo hauna shida. Kuchanganya nusu kwa nusu na mawese kunapunguza fuwele lakini hakuziondoi, na kwa maoni yetu hasara ya ndoo moja iliyorudishwa inakula faida yote ya bei. Mawese mekundu yasiyosafishwa yaache kabisa kwa kazi hii: huganda mapema zaidi, na yana asidi huru za mafuta zinazogombea nafasi na protini mpakani.

Kama mawese ndiyo pekee yaliyopo, tengeneza ya kuuza siku hiyohiyo, usiweke kwenye baridi, na usafirishe ndoo ikiwa imejaa hadi juu ili isipate nafasi ya kuchezacheza.

Kugandisha kabisa ni mbaya kwa mafuta yoyote. Maji yakiwa barafu yanabana matone mpaka ngozi zinapasuka, na ikiyeyuka umebaki na mafuta na uji. Chunguza ukuta wa nyuma wa frigo. Huko vikopo hugusa barafu bila mwenyewe kujua. Ya namna hii ipashe hadi nyuzi 25, uiokoe kwa njia ya kiini kipya iliyoelezwa hapo juu, na uitumie upesi.

Ina punje punje ulimini

Punje ni protini iliyoshikana yenyewe kwa yenyewe kabla ya kufika mpakani. Angalia mambo matatu.

La kwanza ni moto. Viini vinapashwa ili kuua salmonela, bakteria wa mayai wanaoharisha watu, na ni vizuri kufanya hivyo unapouzia watu: kiini kitupu nyuzi 61.1 kwa dakika 3 na nusu, chenye chumvi kwa kipimo chetu nyuzi 63.3 kwa muda uleule, ndani ya bakuli juu ya maji ya moto huku unakoroga bila kuacha. Lakini kiini kinaanza kuwa kizito karibu na nyuzi 65, na kwenye 70 kimeiva. Nafasi ni nyembamba, bila kipimajoto usijaribu. Poza haraka kwa kukalisha bakuli kwenye maji baridi, chuja, ndipo uanze.

La pili ni siki kali. Asidi ya kiwandani ya kuchanganya na maji ikimwagwa bila kuzimuliwa inachoma protini pale inapotua, na punje haziyeyuki tena. Izimue hadi asilimia 5 kwanza. Mwisho wa kazi pima kwa karatasi ya pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho namba ikishuka ukali unapanda: ibaki chini ya 4. Chini ya hapo bakteria wabaya hawastawi, na ndiyo sababu siki ya kipimo isipunguzwe hata mteja akilalamika kwamba ni kali; ongeza sukari kidogo.

La tatu ni viini vilivyogandishwa. Kiini kikishuka kupita nyuzi 6 chini ya sifuri, lipoprotini zake hushikana na kuwa kama jeli, na hakirudi hata kikiyeyushwa. Ukitaka kuhifadhi kwenye barafu, koroga kwanza na chumvi gramu 10 kwa kila gramu 100 za kiini, halafu toa chumvi hiyo kwenye hesabu ya mayonezi.

Ni nyepesi, haisimami kwenye kijiko

Jaribio la glasi likitoa maji meupe, hakuna kilichokatika. Mafuta ni machache au matone ni makubwa. Ongeza mafuta mililita 50 kwa wakati ukipiga kwa nguvu. Kwa waya wa mkono matone hubaki makubwa, hilo ni la kawaida. Pitisha mwishoni kwenye blenda sekunde 30.

Lakini blenda nayo ina mwisho wake. Ukikata matone hadi nusu mikromita, ule uso wa mita za mraba 940 unakuwa 9,400, na hapo protini ya viini vitano kweli haitoshi. Pia mashine ikizunguka muda mrefu inapasha moto. Jagi likiwa la vuguvugu mkononi, simamisha.

Ndoo moja inakatika, nyingine hapana, kila kitu kikiwa sawa

Sabuni. Molekuli zake ni ndogo, zinafika mpakani haraka kuliko protini na kuingia kwenye mianya ya ngozi, zikiisukuma mpaka inajikusanya na kuachia. Mabaki ya sabuni ya unga kwenye mpira wa kifuniko cha blenda yanatosha kuharibu, na hutaonja kitu. Vyombo visuuzwe mara tatu kwa maji safi, ya mwisho yawe ya moto, na mpira uvuliwe usuuzwe peke yake. Paka kidole ndani ya ndoo yenye maji kidogo: ukihisi utelezi au ukiona povu linalokaa, rudia.

Isiyo na mayai

Soya inafaa vizuri, ikiwa maziwa yake ni mazito: kilo 1 ya soya kavu kwa lita 6 hadi 7 za maji. Yale mepesi ya kunywa hayana protini ya kutosha. Yachemshe dakika 20 tangu yalipoanza kuchemka kweli, kwani povu hupanda mapema na kudanganya, na kwa mwinuko wa Goma maji huchemka karibu nyuzi 95 tu. Moto huo unaifungua glisinini, protini kubwa ya soya, ambayo ikiwa mbichi imejikunja kwa kubana na huchelewa kutanda kwenye mafuta. Yakipoa, piga mililita 100 na mafuta mililita 200 kwenye blenda, mkondo mwembamba.

Siki, mililita 10 hadi 15, inaingia mwisho kabisa, kijiko cha chai kwa wakati. Protini ya soya hupoteza chaji yake ya umeme pH inaposhuka kuelekea 4.5, matone yanaacha kusukumana, yanashikana, na mchanganyiko unakuwa mzito mbele ya macho yako. Ukimwaga siki kwa mara moja, au ukiitia kabla ya mafuta, protini inaganda kama tofu na haina tena habari na mafuta.

Maziwa ya ng'ombe hufuata kanuni ileile, kaseini, protini kuu ya maziwa, ikifika kikomo chake kwenye pH 4.6. Maziwa ya Masisi yanayoingia mjini kwa bidoni huwa yameanza kuchachuka njiani. Chemsha kijiko kikubwa kimoja kwanza: kikikatika, kaseini tayari imeshashikana, peleka maziwa hayo kwenye mtindi. Mayonezi ya soya au ya maziwa haina ukali wa ile ya mayai, kwa hiyo ikae ndani ya frigo, kwa mafuta ya alizeti, siku 2 zisizidi.